Mama wa Nyumbani Mwenye Grisi

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kutoka darasa la lugha, masikio yanawaka kwa hasira.

Somo la leo: kazi na masomo. Mwalimu anauliza, wewe unajibu. Che lavoro fai? — unafanya kazi gani. Che cosa hai studiato? — umesomea nini. Basi. Hata kasuku angefaulu. Nesi akasema yeye ni nesi. Mpishi akasema yeye ni mpishi, akaongeza na mkono wa kukoroga ili tusije tukamwelewa vibaya. Zamu yangu ikafika. Nikasema kama nilivyoagizwa: Sono casalinga. Mimi ni mama wa nyumbani.

Darasa zima likaangua kicheko!

Nilikuwa nimetoka kiwandani moja kwa moja. Sare ya bluu, bisibisi mfukoni, grisi mpaka kwenye kiwiko. Nesi akauliza hiyo nyumba ninayoitunza ni nyumba au ni gereji. Hata Mwalimu, mtu asiyechekaga, akageukia ubao akajitia anafuta kitu. Ubao ulikuwa hauna kitu.

Mimi natengeneza cherehani. Si hizi za kukanyaga kwa mguu. Za kiwandani, za mota, zinazoshona mshono wa suruali kabla hujamaliza kupiga chafya. Ukumbi mzima wa mashine, ikikohoa moja naitwa mimi. Hakuna mwingine pale wa kuitwa. Halafu niseme mama wa nyumbani. Kuwa mama wa nyumbani si aibu, mama yangu alikuwa hivyo na alichoka kuliko mimi. Lakini mimi siye!

Aliyeniagiza ni mume wangu, Bwana Pasi. Jina nimempa mimi, maana tulikutana kiwandani hapo hapo akipiga pasi suruali. Sasa ni mwaka wa tatu yuko ughaibuni, kwenye karakana ya Bibi mmoja anayeshona jinzi. Huyo Bibi ana chumba cha kulala juu ya karakana. Jumapili ya wiki ijayo anataka kuniona kwa simu ya video, anisikie nikijibu mambo madogo madogo ya lugha yao. Akiridhika, chumba ni chetu na atanidhamini niende. Asiporidhika, nitaendelea kulala na mto.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini nisitaje kazi yangu. Akasema huko mama wa nyumbani ndio hawasumbuliwi, nisiwachanganye watu. Nikameza. Leo kimenikaa kooni.

Nimenawa kwa sabuni ya unga. Grisi haijatoka yote.

Alhamisi, 6 Machi

Voisi nyingine kutoka kwa Bwana Pasi. Nimeisikiliza wakati wa chai, kisikilizio kimoja sikioni. Kanirekodia majibu yote taratibu, kama anayemlisha mtoto uji. Nirudie mpaka yakae. Non ho studiato — sikusoma. Halafu: mio marito fa il meccanico.

Sikusoma!

Miaka miwili ya chuo cha ufundi. Msichana pekee kwenye karakana ya wavulana, wananificha spana, wananiita Kaka. Mjomba wangu, aliyenishikisha bisibisi kabla sijashika kalamu, alikuja kwenye mahafali na suti ya kuazima, mikono ya koti inaishia kwenye ncha za vidole, akapiga vigelegele mwanamume mzima mbele ya mkuu wa chuo. Watu walimgeukia. Hakujali. Leo niseme sikusoma? Mjomba nimweke wapi?

Na hilo la mwisho. Meccanico — makanika. Neno hilo halihitaji mwalimu. Mume wangu ni makanika? Bwana Pasi? Mtu ambaye balbu ya jikoni ilikuwa inamshinda, napanda mimi, yeye anashika kiti!

Nikajipa moyo kwamba labda kachukua mfano wa kitabuni. Darasani jioni nikaisema hivyo hivyo, Mwalimu akaipenda, akauliza makanika wa nini. Wa magari? Wa ndege? Nikatoa macho. Nesi akanong'ona niseme wa mapenzi. Huyu dada siku moja nitamkaba.

Nimempigia mume wangu. Hakupokea. Kaandika: niko bize mke wangu, mashine imezingua.

Mashine ikizingua, mpiga pasi inamhusu nini?

Ijumaa, 7 Machi

Sasa nimeelewa yote.

Kapiga saa ya chakula cha mchana. Ananong'ona. Najua yuko chooni, vigae vyeupe nyuma yake ndio vile vile vya siku zote. Akaanza kama kawaida: mke wangu, kuna mashine inaruka mishono, fundi wetu yuko likizo, nisaidie kidogo nionekane nami nimo.

Kwa kawaida namsaidia. Namwambia asikilize sauti, asogeze simu karibu, afungue hiki, asiguse kile. Tangu mwaka jana. Nilikuwa naona raha, hilo nakiri. Wanandoa wengine wakiwa mbali wanaulizana umekula nini, sisi tunaulizana umekaza skrubu gani. Nilidhani ndio mapenzi yetu.

Leo nikamuuliza. Huyo fundi wenu, likizo yake haiishi?

Nasikia maji yanadondoka kwenye sinki.

Fundi wao mzee alistaafu mwaka jana. Bibi alitaka kupunguza watu na mpiga pasi alikuwa wa kwanza kwenda na maji. Siku moja mashine ikagoma, Bwana Pasi akajifungia chooni, akanipigia, akatoka, akaitengeneza. Yaani nikaitengeneza! Bibi akamkumbatia. Tangu siku hiyo yeye ndiye fundi. Ana koti lake. Wanamwita maestro, fundi bingwa.

Nikasema, mimi ndiye fundi wa hiyo karakana, na hakuna hata mmoja anayejua nipo!

Akasema nisipayuke, atasikika. Akasema mimi na yeye si kitu kimoja? Akasema ndiyo sababu natakiwa kuwa mama wa nyumbani. Bibi si mjinga. Akijua mke ni fundi wa cherehani, aliyesomea, atajiuliza huyu mume mbona kila mashine ikiharibika anaumwa tumbo.

Nikauliza nikifika huko nitafanya nini. Eti Bibi keshanitafutia kazi. Nitafagia karakana, niokote vipande vya uzi, nichemshe kahawa. Na mashine ikizingua mume wangu ataniita juu chumbani, nimweleze, ashuke akaitengeneze.

Yaani nifagie chini ya mashine ninazotengeneza mwenyewe! Nimvulie maestro kofia kwa kila mshono!

Nikakata simu. Ile mashine sikumwambia inaumwa nini. Nilikuwa nimeshajua, nilijua kwa sauti tu. Akajijue.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Pasi keshanisemea kwa mama yake. Mama mkwe naishi naye, tunapendana na tunagombana kama watu wa nyumba moja. Asubuhi kaja jikoni na kikombe mkononi, kakaa, kakohoa kile kikohozi chake cha kuanza kikao.

"Mwanangu, nasikia mnazozana kwa ajili ya bisibisi."

Nikamwambia si bisibisi, Mama, ni kazi yangu.

"Kazi si utaikuta huko huko? Ukiwa chumbani na mumeo nani atakukataza kuongea habari za mashine? Wengine chumbani wanaongea mambo ya kipuuzi zaidi."

Nilicheka bila kupenda. Halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Nikamuuliza, Mama, ungekuwa wewe? Maandazi yako yale yaliyomlea mwanao, mtu aseme kayapika Baba?

Kazungusha kikombe. Akasema Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema hivyo mbele ya wageni kila mara.

Nikauliza ulifanya nini.

"Nilikuwa naongeza chumvi siku wageni wanakuja."

Akamaliza chai yake akaenda zake. Sijui yuko upande gani yule mama.

Jumanne, 11 Machi

Darasani leo mazoezi ya usaili. Mwalimu ndiye mwenye kampuni, kavaa tai kabisa, sisi tunaingia mmoja mmoja kupitia mlangoni. Che lavoro fai?

Nilikuwa nimekaza meno kusema yale ya Bwana Pasi. Nimefika mbele ya meza, yakakataa kutoka. Nikasema: Faccio la meccanica. Riparo macchine da cucire. Ho studiato due anni. Mimi ni makanika, natengeneza cherehani, nilisoma miaka miwili. Niliyatafuta maneno mwenyewe Jumapili, leo nikayaandika kwenye kiganja, na kiganja kikatoka jasho yakafutika, nikayasema kwa kichwa.

Mwalimu akaniangalia juu ya miwani. Akauliza, kwa hiyo yule mama wa nyumbani wa wiki jana alikuwa nani?

Nikasema ni mke wa mtu mmoja muongo.

Hawakucheka safari hii. Tulipotoka Nesi akanishika mkono pale ngazini. Huyu Nesi wa utani kila saa! Akaniambia yeye shirika linalompeleka limemwagiza aseme hana mtoto. Ana binti wa darasa la pili. Kila jioni anajirekodi: non ho figli, sina watoto, na mtoto mwenyewe yuko pembeni anachora, anamwuliza mama unasemaje. Anamwambia naimba.

Mpishi naye akasimama, akasema yeye kaambiwa aseme ni kijana wa ishirini na tisa. Tukamtazama upara wake. Akasema naombeni msinicheke.

Sasa sisi darasani tunajifunza nini? Tunalipa ada kujifunza kujikana! Nimetembea mpaka nyumbani nikipiga mawe kwa kiatu. Kiatu kimefumuka.

Jumatano, 12 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Msimamizi wa kiwandani kaniuliza kama kweli naondoka, maana lazima atafute mtu wa kumfundisha kabla sijaenda. Nikasema sijui. Akasema basi usiwe na haraka ya kujua. Nikamjibu vibaya. Hakustahili.

Nimefungua mashine ya mstari wa nyuma, nzima kabisa, haina hata kikohozi. Nimeifungua tu. Nikaipangusa, nikaifunga. Ndipo nikatulia.

Alhamisi, 13 Machi

Voisi ndefu. Safari hii hanifundishi kitu. Analia.

Anasema anajua kaniponza. Anasema siku ile ya kwanza alipotoka chooni alitaka kusema ukweli, lakini Bibi alipomkumbatia ilikuwa mara ya kwanza mtu kumgusa tangu afike kule. Anasema mpiga pasi hawamwoni, wanapita wakiongea juu ya kichwa chake. Ukiwa fundi wanakuuliza umeamkaje. Keshazoea kuitwa maestro. Anaogopa kurudi kuwa mvuke.

Nimeisikiliza kitandani. Nimeisikiliza tena. Nampenda huyu mtu, na ndicho kinachonichoma! Kama ningekuwa simpendi ningeshafuta namba nikalala. Miaka yote hii nimelala upande wangu wa kitanda, upande wake siuvuki hata nikiwa peke yangu. Nataka kwenda. Nataka anikwaruze na zile kucha za miguu. Lakini simtaki maestro. Namtaka Bwana Pasi.

Mwisho wa voisi akaomba msamaha kwa kila jambo. Nikaanza kulainika. Halafu, kabla haijakatika: "Na ile mashine, mke wangu, bado inaruka mishono. Ukipata nafasi."

Ukipata nafasi!

Nimeitupa simu kwenye kapu la nguo chafu. Nikaifuata tena, maana ndiyo yenye alamu.

Jumamosi, 15 Machi

Kesho.

Mama mkwe kanisuka. Kachagua na blauzi, ile ya kola, eti nionekane mtu wa nyumbani lakini si sana. Kaniuliza nitasema nini. Nikasema sijui, Mama. Akavuta nywele kwa nguvu. Akasema yeye anamtaka mwanawe awe na mke karibu, lakini hataki mke huyo awe na sura hii niliyokaa nayo wiki nzima, maana ataingia nayo kila chumba atakachopewa.

Bwana Pasi kaandika: kumbuka, majibu mafupi, tabasamu. Bibi anapenda watu wanaotabasamu.

Nimejaribu kutabasamu kwenye kioo. Nimejitisha mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Naandika simu ikiwa hewani. Imeegemea birika, sauti iko juu. Hawaoni mkono wangu.

Nianze mwanzo kabla sijachanganyikiwa. Bibi kapiga mwenyewe. Mdogo wa mwili, miwani kwenye kamba, sauti kubwa. Yuko karakanani ingawa ni Jumapili, kuna oda ya kesho. Nilijiandaa kumchukia, lakini hachukiki. Kauliza jina langu, nikasema. Kauliza habari ya mama mkwe, Mama kapunga mkono kutoka mlangoni kama malkia. Bwana Pasi kasimama nyuma ya Bibi. Koti la fundi, kalamu mfukoni. Kakonda. Moyo ukanilipuka, nisiseme uongo.

Nilikuwa nangoja swali. Che lavoro fai? Ulimi ulikuwa tayari, na sijui hata sasa ungetoka na jibu gani.

Bibi hakuuliza! Alishaambiwa yote. Akasema taratibu, kwa mikono na macho ili nimwelewe, kwamba anajua ni vigumu mke kukaa mbali. Kwamba huenda sijawahi kumwona mume wangu akiwa kazini. Kwa hiyo leo ananipa zawadi. Guarda, guarda tuo marito! Tazama, mtazame mumeo. Akaichukua simu, akaiweka juu ya rafu, inaangalia mashine moja kwa moja. Ni ile ile. Inayoruka mishono. Wameiacha inisubiri mimi!

Bibi akavuta kiti akakaa, mikono magotini, kama mtu aliyeenda kutazama ngoma.

Bwana Pasi kachukua bisibisi. Kafunua kifuniko. Kainama karibu na simu, meno yote nje, akanisemesha kwa lugha yetu kwa ile sauti ya kumbembeleza mke:

"Mpenzi wangu, mke wangu mzuri, ni skrubu ya juu au ya chini? Nijibu kama unanisalimu."

Bibi akatabasamu. Alidhani ananiambia maneno matamu.

Ni ya chini. Ni ya chini tangu wiki iliyopita! Ile ndoana inayokuja kuudaka uzi inachelewa kufika kwa sindano, kwa kiasi cha unene wa kucha. Unailegeza kidogo, unaigeuza kidogo, unakaza. Mtu anayejua anamaliza kabla chai haijapoa.

Nikamtazama mume wangu machoni. Nikatabasamu, tena vizuri kuliko kwenye kioo. Nikasema kwa sauti, kila neno na nafasi yake, kama alivyonifundisha:

Sono casalinga. Non ho studiato. Mio marito fa il meccanico.

Bibi akapiga makofi. Brava! Brava! Kasema matamshi yangu ni mazuri sana. Kamgeukia Bwana Pasi, kamgonga begani amshukuru kwa mke aliyempata, kisha akamwonyesha mashine kwa kidevu. Haya.

Hapo ndipo tulipo sasa hivi.

Kaganda. Bisibisi iko hewani. Bado anatabasamu, lakini mdomo umeanza kucheza upande mmoja. Ananiita tena, mke wangu, mke wangu. Sijibu. Mama mkwe kaja kusimama nyuma ya kiti changu, nasikia anavyohema.

Bwana Pasi ameanza. Kaenda kwenye ya juu. Ile inayoshika fimbo ya sindano. Siyo hiyo! Akiilegeza hiyo, sindano inapoteza kimo chake, inashuka yote. Akija kuwasha mota itagonga chuma, itavunjika, ikimkosa jicho itaichubua ile ndoana, na ndoana ikichubuka mashine imekwisha. Mashine nzuri. Nimeitunza kwa sikio mwaka mzima. Yenyewe haina kosa.

Skrubu imetoka mzunguko mmoja. Bibi anasogeza kiti aone vizuri.

Mkono wa Bwana Pasi unaenda kwenye swichi. Nimesimama.